Mnara unauona kwa macho ila mtandao hamna: jinsi fazi lojiki inavyokadiria mawimbi yanavyopotea njiani

Vijiji vingi vya Tabora vina kichuguu cha mtandao. Ukienda Sikonge, Kaliua, Urambo kule ndani ndani, ukauliza wapi nitapata netiweki nipige simu, watu wanakuonesha kichuguu, na pale juu unakuta vijana wawili watatu wamesimama, mmoja anatoa pesa kwenye simu, mwingine anasubiri meseji za tangu asubuhi ziingie zote kwa mkupuo. Ukishuka chini tu, hamna kitu. Kigoma nao wana ya kwao, kule shida ni milima, upande unaotazama ziwa simu imejaa mistari yote, ukivuka mgongo wa kilima ukaanza kushuka bondeni unaona maandishi ya simu za dharura tu na mnara wenyewe uliuacha dakika chache nyuma yako.

Sasa swali ambalo watu huwa hawaulizi ni hili, hivi kampuni ya simu ikitaka kusimamisha mnara inajuaje kabla ya kujenga kwamba utafika wapi na utaishia wapi? Mnara ni chuma, zege, umeme wa jua au jenereta, ulinzi, mkataba na mwenye shamba, siyo kitu cha kujenga halafu ukasema ngoja tuone. Kwa hiyo kinachofanyika ni kukadiria, na kitu kinachokadiriwa kinaitwa upotevu wa mawimbi njiani, yaani mawimbi yametoka kwenye antena na nguvu fulani, yakifika kwenye simu yako yamebaki na kiasi gani.

Niseme mapema ninachotaka kusema ili usisome mpaka mwisho ndo ujue. Hesabu ya umbali haina shida kubwa, ilishatatuliwa zamani. Kinachosumbua ni kuieleza kompyuta kwamba hapa ni mahali gani. Kompyuta inataka jibu moja, hapa ni mjini au ni porini? Na Tabora, wakuu, sehemu kubwa siyo mjini na siyo porini. Hapo ndo fazi lojiki inasaidia, yaani hesabu inayokubali kitu kiwe hiki kwa kiasi na kile kwa kiasi.

Kwanza tuelewane kwenye desibeli

Bila hii huwezi kufuata yanayokuja, ila nitapita haraka. Desibeli, dB, ni namna ya kuhesabu inayogeuza kuzidisha na kugawanya nguvu kuwa kujumlisha na kutoa tu. Ukipoteza dB 3 nguvu imebaki nusu. Ukipoteza dB 10 imebaki moja ya kumi, dB 20 moja ya mia, dB 30 moja ya elfu. Ukiona dBm hiyo ni nguvu yenyewe ikilinganishwa na miliwati 1, kwa hiyo mnara unaotoa wati 20 unaandikwa dBm 43. Simu yako ukiingia kwenye mipangilio, sehemu ya hali ya laini, inakuonesha namba kama -85 au -102, hizo ndo dBm ulizobaki nazo. Ile mistari ya juu kwenye kioo usiiamini sana, kila mtengenezaji wa simu anajipangia mwenyewe mstari mmoja ni sawa na ngapi, ndo maana simu mbili ziko meza moja, laini za kampuni moja, moja inaonesha mistari minne nyingine miwili na watu wanaanza kubishana simu ya nani ni feki.

Simu ya 2G ikiwa kwenye -100 bado unaweza kuongea. Kutoka wati 20 mpaka hapo nguvu imegawanywa mara trilioni 200. Yaani simu inafanya kazi na kitu ambacho karibu hakipo kabisa, na bado tunaitukana.

Mawimbi yakiwa hewani tupu, hamna mti hamna nyumba hamna ardhi, upotevu wake unajulikana vizuri kabisa. Kwa masafa ya megahezi 900, yaani mawimbi yanayotetema mara milioni 900 kwa sekunde, umbali wa kilomita 1 unapoteza kama dB 91 na nusu, na umbali ukiongezeka mara kumi unaongeza dB 20 nyingine. Ukihama kutoka 900 kwenda 1800 unaongeza dB 6. Ndo maana kampuni zikienda vijijini zinapenda masafa ya chini, 700, 800, 900, yanafika mbali kwa mnara mmoja, na 1800 na 2100 wanayaweka zaidi mjini ambako minara imesogeleana.

Lakini nani anaishi hewani tupu?

Modeli ya Tokyo na miembe ya Tabora

Miaka ya 60 huko Japani, Yoshihisa Okumura na wenzake walizunguka Tokyo na maeneo ya jirani wakipima mawimbi, matokeo yakatoka mwaka 1968 yakiwa michoro mingi ya mistari iliyopinda, mhandisi unaweka rula unasoma. Mwaka 1980 Masaharu Hata akaigeuza ile michoro ikawa fomula, unaweka masafa, urefu wa mnara, urefu wa simu kutoka chini, umbali, inakupa dB. Hii modeli ya Okumura-Hata mpaka leo inafundishwa na inatumika dunia nzima, imetengenezwa kwa masafa ya 150 mpaka 1500, mnara wa mita 30 mpaka 200, na umbali wa kilomita 1 mpaka 20. Masafa ya juu yake, mpaka 2000, yakaongezwa baadaye na Wazungu kwenye mradi ulioitwa COST 231.

Ni kazi nzuri sana, siidharau. Ila angalia inavyokuuliza kuhusu mahali. Inakupa makundi: mji mkubwa, mji wa kati na mdogo, pembezoni mwa mji, eneo la wazi. Unachagua moja. Basi.

Nimeipigia hesabu kwa mnara wa mita 50, masafa 900, simu iko mita moja na nusu kutoka chini, mtu yuko kilomita 5 kutoka mnarani. Ukiiambia ni mji wa kati inakupa upotevu wa dB 147. Ukiiambia pembezoni, 137. Ukiiambia eneo la wazi, 118. Mnara huohuo, simu hiyohiyo, umbali uleule, tofauti ya juu na chini ni dB 28 na ushee, yaani nguvu mara zaidi ya 700, imetokana na wewe kubofya kitufe gani kwenye kompyuta.

Sasa tuipeleke mpaka kwa mtumiaji. Mnara unatoa dBm 43, antena yake inakusanya mawimbi kuelekea upande mmoja inaongeza 15, nyaya zinakula 2, jumla 56. Toa 147 unabaki na -91, toa 137 unabaki na -81, toa 118 unabaki na -62. Nje hapo wote wanaongea. Lakini mtu yuko ndani, nyumba ya tofali za kuchoma, bati juu, madirisha madogo ya nondo na mbao, tuseme nyumba inakula 20. Wa kwanza amebaki na -111, huyo simu yake imekufa. Wa tatu yuko kwenye -82 anaangalia video. Kwa hiyo uchaguzi wa kundi ndo unaoamua kama kijiji kile kinahesabika kimefikiwa au kinahitaji mnara wa pili. Hii siyo hesabu ya darasani, hapa kuna watu wanaambiwa mmeshapata huduma wakati wanapandia kichuguu.

Na Tabora uiweke kundi gani? Toka katikati ya mji uelekee Kwihara. Mwanzo nyumba zimebanana, halafu zinaachana, katikati yake kuna miembe mikubwa ya zamani ile iliyoachwa na njia ya misafara, mti mmoja unafunika kiwanja kizima, halafu shamba la mahindi liko wazi kabisa, halafu nyumba tano, halafu miombo inaanza. Hamna sehemu yenye kibao kwamba mji umeishia hapa. Mhandisi aliyekaa Dar anaangalia picha ya satelaiti anachagua 'pembezoni' kwa sababu ndo la katikati, na wala simlaumu, fomula haijampa nafasi ya kusema vingine.

Hapa ndo fazi lojiki inaingia

Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyekuwa anafundisha Berkeley kule Marekani, aliandika karatasi yenye wazo ambalo ukilisikia unaweza kusema si kila mtu analijua hilo. Alisema kitu kinaweza kuwa ndani ya kundi kwa kiasi, siyo lazima kiwe ndani au nje. Kiasi hicho ukakiandika kwa namba kati ya 0 na 1.

Watu wengi wakisikia 0.6 wanafikiri ni uwezekano, yaani asilimia 60, na hapa ndo wanapotea. Chukua maembe, maana ndo tunayo. Ukiwa na gunia ambalo asilimia 60 ya maembe yameiva na mengine mabichi, ukiingiza mkono bila kuangalia huo ni uwezekano, utatoa embe bivu au utatoa bichi, moja kati ya hayo. Fazi ni kitu kingine, ni embe lenyewe moja ulilolishika mkononi ukaliona, upande umeanza kulainika, rangi imegeuka kidogo, kwenye kikonyo bado gumu, hilo embe ni bivu kwa 0.6 na ni bichi kwa 0.4 kwa wakati mmoja, na huna wasiwasi wowote kuhusu hali yake. Mtaa wa Tabora uko hivyo. Hatuna mashaka kwamba labda ni mji labda ni pori, tumeuona, tunajua ulivyo, ni mji kwa kiasi na ni pori kwa kiasi.

Wazo likakaa kwenye makaratasi karibu miaka kumi, wanahesabu wengine wakilibeza. Aliyelishusha chini likawa mashine ni Ebrahim Mamdani, na huyu nimtaje kwa raha kabisa kwa sababu alizaliwa hapahapa Tanzania mwaka 1942, akasoma India, akaenda London. Mwaka 1975 yeye na mwanafunzi wake Assilian walichapisha kazi yao ya kuongoza injini ndogo ya mvuke ya maabara kwa sheria za maneno, za aina ya 'presha ikiwa chini kiasi na inapanda polepole basi ongeza moto kidogo', sheria ambazo mwendesha mitambo yeyote angekwambia kwa mdomo. Mpaka leo ukifungua programu nyingi za fazi utakuta chaguo limeandikwa Mamdani. Baadaye Wajapani wakaichukua kweli kweli, treni za chini ya ardhi za mji wa Sendai zilipoanza mwaka 1987 zilikuwa zinaendeshwa kwa fazi, zikaja mashine za kufulia na majiko ya kupikia wali. Na leo unasikia mtu anasema Waafrika hatuna mchango kwenye mambo haya, haya bwana.

Turudi kwenye mnara. Kuna njia nyingi za kuitumia, mimi nitaeleza ile nyepesi kuielewa. Badala ya kuchagua fomula ya mji au ya pori, unatumia fomula moja fupi: unachukua upotevu wa mita 100 za kwanza, halafu unaongeza kwa kadiri umbali unavyokua, na kasi ya kuongeza inategemea namba moja, tuiite n. Hewani tupu n ni 2. Mjini kawaida inakuwa 2.7 mpaka 3.5, kwenye vizuizi vingi inafika hata 4 au 5. Kazi ya fazi ni moja tu, ikupe n ya mahali pale.

Tufanye kwa mkono. Sehemu yetu iko upande wa Kwihara, kilomita 5 kutoka mnarani. Mtu anayepajua anatoa maksi mbili, miti 6 kwa 10, nyumba 2 kwa 10. Hatua ya kwanza ni kugeuza maksi kuwa maneno. Upande wa miti tumekubaliana 'kiasi' inakuwa kamili kwenye 5 na inaisha kwenye 8, na 'mingi' inaanza kwenye 5 na kuwa kamili kwenye 8, ukichora ni pembetatu zinazopandana. Kwa hiyo maksi 6 ni 'kiasi' kwa 0.67 na 'mingi' kwa 0.33. Upande wa nyumba 'chache' inashuka kutoka 0 mpaka kuisha kwenye 5, na 'kiasi' inapanda hivyohivyo, basi maksi 2 ni 'chache' kwa 0.6 na 'kiasi' kwa 0.4.

Hatua ya pili ni sheria. Hizi ndo roho ya kitu chote, na namba za n hapa nimeweka mimi za mfano tu, za ukweli zinatokana na vipimo vya mahali:

Miti kiasi na nyumba chache, n ni 2.8.
Miti kiasi na nyumba kiasi, n ni 3.2.
Miti mingi na nyumba chache, n ni 3.3.
Miti mingi na nyumba kiasi, n ni 3.7.

Hatua ya tatu, kila sheria inapewa uzito. Neno 'na' linachukua kile kidogo kati ya viwili, kwa sababu sheria haiwezi kuwa kweli kuliko sharti lake lililo dhaifu. Ya kwanza ina 0.67 na 0.6, inapata 0.6. Ya pili 0.4. Ya tatu 0.33, ya nne 0.33. Angalia kwamba sheria zote nne zinafanya kazi kwa pamoja, hakuna iliyoshinda zikanyamaza nyingine.

Hatua ya nne, zidisha kila n kwa uzito wake, jumlisha, gawanya kwa jumla ya uzito. 1.68 na 1.28 na 1.09 na 1.22, jumla 5.27, gawanya kwa 1.66, unapata 3.17. Hiyo ndo n ya pale. Weka kwenye fomula: mita 100 za kwanza kwa 900 ni dB 71.5, ongeza 10 mara 3.17 mara logi ya 50 (maana kilomita 5 ni mara 50 ya mita 100), inakuja kama 54, jumla dB 125. Ukiitoa kwenye ile 56 ya mnara, mtu wa nje yuko kwenye -69, wa ndani ya nyumba ya bati -89. Anaongea.

(Namna hii ya kumalizia kwa wastani wenye uzito ni ya Wajapani Takagi na Sugeno, ya mwaka 1985. Ya Mamdani inamalizia kwa kutafuta kitovu cha umbo zima, ni ndefu zaidi na kwa mkono inachosha.)

Faida yake utaiona ukibadilisha maksi kidogo. Kwenye mfumo wa makundi, tuseme mpaka ni maksi 5 za miti, chini ya hapo n ni 2.8 na juu yake ni 3.3. Maksi 4.9 na 5.1 ni karibu sehemu moja, tofauti ni mwembe mmoja tu mtu kaukata, lakini kwenye kilomita 5 upotevu unaruka dB 8 na nusu papo hapo. Kwenye ramani unaona mstari mkali, huku kijani huku nyekundu, na mtu kasimama ameweka mguu kila upande. Kwenye fazi unapita taratibu, 4.9 na 5.1 zinatoa majibu ambayo hata simu haiwezi kuyatofautisha.

Faida ya pili mimi naiona kubwa kuliko ya kwanza. Zile sheria nne mtu yeyote anazisoma. Fundi wa mnara aliyekulia Uyui, hata kama hajawahi kuona logi tangu kidato cha nne, anaweza kukaa na mhandisi akasema hapana, sheria ya tatu umekosea, miombo ya huku siyo kama misitu ya Kigoma, imeachana, chini mtu anapita na baiskeli, punguza hiyo namba. Modeli za akili bandia za siku hizi zinaweza kuwa na majibu mazuri zaidi ila huwezi kubishana nazo, zimekaa kimya na namba zao.

Kigoma ni kesi nyingine

Nisidanganye watu kwamba fazi inamaliza yote. Kigoma tatizo siyo makundi, ni milima na ziwa. Mnara ukiwa nyuma ya kilima, mstari kutoka antena mpaka simu ukigusa tu kilele unapoteza dB 6 hapohapo kabla hata hujafichwa, ukishuka bondeni zaidi inafika 20 na kuendelea. Vijiji vya kaskazini kufuata ziwa, kupita Gombe kuelekea Kagunga, vimebanwa kati ya maji na mlima, mnara ulioko juu ya tambarare nyuma ya mlima unaweza kuwa karibu kwenye ramani na usiwasaidie chochote.

Kuna watu wanaiingiza milima nayo kwenye fazi, 'umefichwa kidogo', 'umefichwa sana'. Mimi siungi mkono. Milima ina vipimo, tangu ule urukaji wa chombo cha anga cha Wamarekani mwaka 2000 kuna ramani ya miinuko ya karibu dunia nzima, nukta moja kila mita 30 hivi, ya bure, kompyuta inakata mstari kutoka mnara mpaka simu na kuhesabu kilima kimezuia kiasi gani. Kitu chenye kipimo kipime. Fazi uiachie vitu ambavyo hakuna aliyevipima, miti ikoje, nyumba zimebananaje, mapaa ni ya nini.

Ziwa nalo lina vituko vyake. Juu ya maji hakuna kizuizi, na antena ikiwa mita 200 juu ya usawa wa ziwa upeo wake wa mawimbi unafika kama kilomita 60, wakati ziwa lenyewe upana wake ni kama kilomita 50. Ndo maana wavuvi wa dagaa wakiwa katikati ya maji usiku wanaweza kupata mtandao mzuri kuliko mtu wa bondeni, na ndo maana simu ukiwa ufukweni inaweza kukukaribisha Kongo na hujaenda popote. Ila hapo kuna kikomo kingine kabisa, 2G ya kawaida inakataa simu iliyo zaidi ya kilomita 35 hata kama mawimbi yanafika yamejaa, kwa sababu saa yake ya kusubiri jibu la simu imewekwa mpaka hapo. Hata Hata mwenyewe, samahani kwa hilo jina, fomula yake inaishia kilomita 20. Kwa hiyo kwa ziwani unaandika sheria zake peke yake, usizichanganye na za nchi kavu.

Na mvua, maana nitaulizwa. Kwenye masafa ya simu, 700 mpaka 2600, matone ya mvua hewani hayali kitu cha maana. Mtandao ukikatika mvua ikinyesha, kuna uwezekano kwamba ni ile dishi ya mduara inayounganisha mnara na mnara mwenzake, hiyo inaweza kuwa inatumia masafa ya juu sana, zaidi ya megahezi 10,000, na huko mvua inauma kweli, au umeme umekatika na betri zimechoka. Simu yako inaonesha imejaa lakini meseji haiendi, hapo ujue wewe na mnara mko sawa, mnara ndo haujui pa kupeleka.

Sheria zinatoka wapi

Sheria ulizoandika ukiwa umekaa ni maoni tu mpaka uzipime. Kazi hiyo inaitwa draivu testi, gari lenye simu za kupimia, kompyuta na GPS, linapita barabara zote likirekodi dBm kila baada ya muda mfupi. Ukirudi unalinganisha kile modeli ilichosema na kile simu ilichopata, unachukua tofauti, unaziweka mraba, unapiga wastani, unatoa kipeo. Kosa likiwa chini ya dB 7 au 8 wahandisi huwa wanaridhika, maana hata mahali pamoja ukizunguka nyuma ya gari mawimbi yanapanda na kushuka kwa kiasi kama hicho bila sababu unayoweza kuiandikia sheria.

Halafu unarekebisha. Kama sehemu zote zenye miembe modeli inasema mtandao mzuri kuliko ulivyo, unavuta pembetatu ya 'miti mingi' ianze mapema. Kuna njia ya kuiachia kompyuta ifanye hilo yenyewe kwa kujifunza kutoka kwenye vipimo, Roger Jang aliitoa mwaka 1993, inachanganya fazi na mitandao ya neva (programu zinazojifunza kwa mifano, siyo mtandao wa simu) na inafanya vizuri, ila ukiwa na vipimo vichache inakariri barabara ulizopita na kukosea usizopita. Na draivu testi inapita barabarani, jamani. Haipiti kwenye shamba la tumbaku, haiingii kwenye kambi ya warina asali, kwa hiyo modeli yako itakuwa mtaalamu wa kandokando ya lami kama huna mtu wa kutembea kwa miguu au pikipiki na simu mkononi.

Angalizo lingine ni wingi wa sheria. Vitu viwili vyenye maneno matatu kila kimoja ni sheria 9. Vitatu ni 27. Vitano ni 243, na hapo yule fundi wa Uyui hawezi tena kukaa na kuzisoma, ile faida niliyoisifia imeondoka. Mimi ningeishia viwili au vitatu, hata kosa likiongezeka nusu dB.

Na kwa Tabora lazima upime mara mbili kwa mwaka. Miombo inapukutisha majani kiangazi, Agosti unaona mpaka mbali kati ya miti, Januari majani yamejaa na yamelowa na mawimbi yanapita kwa shida, hasa yale masafa ya juu. Msitu uleule, maksi ya Agosti na ya Januari haziwezi kuwa sawa. Ukipima kiangazi tu, ambako ndo barabara zinapitika na ndo kila mtu anapenda kwenda, umejenga mnara wa Agosti, na malalamiko yataanza kuingia mvua zikishika.